Tusiuharakishe Moyo wa Mzazi



Kuna neno lililozoeleka mno katika maparokia yetu. Mtoto akizaliwa na ulemavu, au akichelewa kukaa, kutembea na kusema hata majirani wakaanza kuulizana, watu wa shirika huja nyumbani, husali, huimba, na kabla ya kuagana mmoja wao humwambia mama: «Mpokee tu, ni mpango wa Mungu.» Neno hilo hutoka katika moyo mwema. Hata hivyo sisi tunaona kwamba mara nyingi husemwa mapema kupita kiasi, na kwamba humnyima mzazi ruhusa ya kuipita njia ambayo hakuna awezaye kuipita badala yake. Tunawaandikia ninyi vijana wa Kiro, wa Xaveri, wa Skauti, wa kwaya na wa liturujia, kwa kuwa ninyi ni majirani wa wazazi hao, na kwa kuwa wengine kati yenu kesho mtakuwa ndio wazazi wenyewe.

Kwa familia nyingi za kwetu njia hiyo haianzii mbele ya daktari. Mtoto mwenye trisomia 21 aweza kutambulika siku ile ile anapozaliwa, mkunga akiwa na macho ya kuona. Lakini mtoto ambaye ubongo wake uliumia kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, au kwa umanjano mkali wa siku za kwanza, hufanana na watoto wengine kwa majuma mengi. Kisha mama anaona kwamba shingo haikazi, kwamba mikono imekunjwa ngumi, kwamba mtoto wa jirani aliyezaliwa nyuma yake ameshaanza kukaa. Anajifariji: hata baba yake alichelewa kutembea. Bibi naye anasema hivyo hivyo. Jina la kinachomsumbua mtoto laweza kukawia miaka, na muda huo wote mzazi huomboleza pasipo kujua anaomboleza nini. Wengine hupatwa na pigo hilo baadaye, mtoto ameshasema maneno yake ya kwanza, kisha malaria ya kichwani au homa ya uti wa mgongo inamrudisha nyuma. Wazazi hao wamempoteza mtoto mmoja na kubaki naye papo hapo.

Wataalamu wa magonjwa ya watoto wamejaribu kuieleza njia hii. Mwaka 1975, huko Marekani, Dennis Drotar na wenzake walichapa utafiti uliotaja hatua tano: mshtuko, kukana, huzuni pamoja na hasira, kuzoea hali, na mwishowe kuyapanga maisha upya. Orodha hiyo ina msaada wake. Mzazi anayekasirika hujua kwamba hajarukwa na akili. Hatari yake ni kwamba inafanana na ngazi, na mtu akiona ngazi hutaka kumsukuma aliye chini apande. Mmarekani mwingine, Simon Olshansky, aliyefanya kazi na familia za namna hiyo, alikuwa ameandika jambo tofauti tangu mwaka 1962: kwamba wazazi wengi wa mtoto mwenye ulemavu wa akili hubeba huzuni isiyokoma, kwamba huzuni hiyo si ugonjwa, ni jibu la kawaida la moyo wa mtu, na kwamba washauri hukosea wanapowahimiza wazazi «wakubali» haraka. Sisi tunaamini kwamba Olshansky alikuwa karibu zaidi na yale tunayoyaona katika mitaa yetu. Mama aliyecheka jana aweza kulia leo, na haina maana kwamba amerudi nyuma. Imefika tu Septemba, na watoto wa rika la mwanawe wamepita mlangoni wamevaa shati nyeupe na kaptula ya buluu. Au ni Jumapili ya Komunyo ya kwanza. Au mdogo wake mtoto anaposwa. Huzuni hiyo ina siku zake za kurudi, kama mvua.

Hasira nayo huja, na mara nyingi haipewi nafasi nzuri ya kutokea, kwa sababu kabla mama hajaielekeza popote, wengine wameshamwelekezea ya kwao. Alikula nini akiwa na mimba? Alimcheka nani? Ukoo wa mume unasema: «Kwetu hatujawahi kuwa na mtu wa namna hii.» Baba huanza kuchelewa kurudi, kisha kulala kwingine, kisha kuhama. Hatusemi kwamba akina baba wote hufanya hivyo. Wako wanaombeba mtoto mgongoni hadi hospitali bila kujali macho ya watu, na tunawaheshimu sana. Lakini wanaokimbia ni wengi mno kiasi kwamba haifai tunyamaze. Baba anayekimbia naye, mara nyingi, ni mtu aliyekatazwa kulia tangu utoto.

Someni sura ya tisa ya Injili ya Yohane. Wanafunzi wanauliza nani alitenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake, na Bwana Yesu anakataa kwamba ni huyu au ni wale. Mahubiri mengi huishia hapo. Sura lakini inaendelea, na wazazi wale wanaletwa mbele ya wakubwa kuulizwa maswali. Wanajibu kwa woga, kwa kuwa wanaogopa kufukuzwa katika sinagogi. Ni wazazi walioishi miaka yote hiyo chini ya swali lile lile la wanafunzi, na hata siku mtoto wao anapoona, hawana uhuru wa kushangilia. Sisi hatuoni kwamba ni watu wa imani haba. Tunaona watu waliochoshwa na kuhukumiwa.

Swali hilo la nani alitenda dhambi lingali linaulizwa kwetu, na mahali pengine linaulizwa kwa malipo. Kuna vyumba vya maombi ambamo mtoto mwenye kifafa, au asiyesema, huitwa mchawi. Hufungiwa, hunyimwa chakula kwa jina la mfungo, na wazazi huambiwa waache dawa ili waonyeshe imani. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Kijana Mkatoliki anapaswa kuijua sheria hiyo na kuitaja kwa sauti. Lakini mzazi anayempeleka mtoto huko tumtazame vizuri kabla ya kumlaumu. Amekwenda hospitali, ameambiwa mengi kwa Kifaransa asichokielewa, amelipa, amerudi na karatasi. Kule chumbani angalau mtu alimwahidi jambo. Kutafuta tiba kila mahali ni sehemu ya upendo wake, hata pale kunapomdhuru mtoto.

Aibu ina gharama inayoweza kuhesabika. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopindia ndani, akifikishwa mapema kwa waganga wenye ujuzi, hufungwa plasta ngumu inayobadilishwa kila juma kwa majuma kadhaa, mara nyingi hukatwa mshipa wa kisigino, kisha huvalishwa viatu maalumu usiku kwa miaka michache. Watoto wengi hutembea vizuri kabisa. Mtoto yule yule akifichwa chumbani hadi afikishe miaka kumi, kazi inakuwa kubwa na ngumu. Mtoto aliyeumia ubongo hataponywa kwa mazoezi, lakini mama aliyefundishwa jinsi ya kumkalisha, kumlisha akiwa wima asipaliwe, na kumnyoosha viungo visikaze, humpunguzia mateso mengi. Kwa hiyo hatuzungumzi juu ya hisia tu. Mzazi aliyeachwa peke yake na aibu yake hupoteza siku za mtoto.

Ni nini basi hubadilisha moyo? Kwa kadiri tulivyoona, si maneno mazuri. Mara nyingi ni kukutana na mzazi mwingine. Mama anayesubiri kwenye benchi la kituo anamwona mwenzake akimfuta mtoto udenda huku akiongea naye kama mtu anavyoongea na mtoto yeyote, akimkaripia hata, na kitu fulani ndani yake kinalegea. Anauliza: «Wako ana miaka mingapi?» Hapo mazungumzo yanaanza ambayo hakuna padri wala mwanashirika angeweza kuyaanzisha. Harakati ya Imani na Mwanga, ambayo Marie-Hélène Mathieu alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, ilizaliwa kwa namna hiyo hiyo. Wazazi wawili Wafaransa wenye wana wawili walemavu walikataliwa kujiunga na hija ya watu wengine kwenda Lourdes. Wakaenda peke yao, na maumivu ya safari ile yakazaa hija kubwa ya Pasaka ya mwaka 1971, ambamo familia za namna yao zilikuja kwa maelfu. Walikuja pamoja, na hilo ndilo lililoleta tofauti.

Kisha kuna mtoto mwenyewe. Wahubiri humtaja kama msalaba au kama zawadi, na wazazi humjua kama mtu: anapenda wali, hapendi uji, anacheka akisikia pikipiki ya mjomba wake. Siku anaposhika kijiko mwenyewe, akiwa na miaka saba, nyumba inapiga vigelegele ambavyo jirani hawezi kuvielewa. Furaha hiyo ni ya kweli. Hakuna anayejilazimisha. Lakini haikuja kuchukua mahali pa huzuni. Zinakaa nyumba moja. Yule baba wa Injili ya Marko, sura ya tisa, aliyemleta mwanawe mwenye kifafa, aliungama imani na kutoamini katika pumzi moja, na Bwana hakumwambia aende kwanza akamalize kutoamini kwake.

Tukubali pia kusikia lililo gumu zaidi. Wazazi wanapozeeka huingiwa na hofu nyingine: nikifa, nani atamwosha? Wako wanaomwomba Mungu amchukue mtoto kabla yao. Kijana anayesikia neno hilo hushtuka. Asishtuke mbele ya mama. Ni sala ya mtu ambaye hamwoni mwingine wa kumwachia mzigo, na jibu lake haliwezi kuwa mahubiri. Katika mikoa yetu ya mashariki, ambako tangu 1996 familia zimekimbia mara nyingi kiasi cha kupoteza hesabu, hofu hiyo ina sura ya pekee: risasi zikilia usiku, nani atambeba asiyeweza kutembea, ikiwa mama ana mtoto mchanga mgongoni? Ndugu zake wadogo hulijua swali hilo mapema kuliko inavyostahili. Nao wana upendo, wivu na uchovu wao, na mara nyingi wamo katika vikundi vyenu bila ninyi kujua wanaloliacha nyumbani.

Kwa maandishi, nchi haikuwasahau. Ibara ya 49 ya Katiba inawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna maalumu, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 imefafanua haki zao. Kanisa nalo limesema waziwazi. Papa Benedikto wa 16, katika waraka wake wa 2007 juu ya Ekaristi, Sacramentum Caritatis, ameelekeza kwamba wenye ulemavu wa akili waliobatizwa na kupata kipaimara wapewe Komunyo kila inapowezekana, kwa kuwa wanaipokea pia katika imani ya familia au jumuiya inayowasindikiza. Jumuiya hiyo ni ninyi. Mkatekista akimwambia mama kwamba mwanawe «haelewi», ingefaa mmwulize kwa heshima kama waraka huo umewahi kusomwa katika parokia yake.

Hatuwaombi mwe waganga wala washauri. Ulizeni jina la mtoto, na mkifika msalimieni yeye kabla ya wakubwa, hata kama hajibu. Acheni maneno kama «zezeta» na «zoba» katika mizaha yenu, kwa maana mama huyasikia kwenye kona ya barabara na kurudi nayo nyumbani. Msimpige mtoto picha ya kuonyesha ukarimu wenu. Kaeni naye saa mbili za Jumamosi ili mama aende sokoni, au akalale; nendeni wawili wawili, na kwanza mjifunze kwake jinsi ya kumlisha. Katika miji yetu ya vilima, vijana wanne wa kumbeba mtu na kiti chake hadi kanisani ni msaada kuliko nia kumi za Misa. Na mama akilia mbele yenu, msitafute mstari wa Biblia. Kaeni hapo.

Katekesi ya Komunyo ya kwanza inakaribia kuanza. Mtakapopita katika mashirika kuandika majina, piteni pia katika ile nyumba ambayo hakuna aliyetoka kuandikisha, mkaulize. Mama akijibu kwamba mwaka huu hawezi, mshukuruni, mpige gumzo kidogo na mtoto, na mwaka ujao mrudi.