Kumbukumbu Ipo, Anwani Haipo: Wanakiswahili na Mipaka ya Tarakilishi

Mwanafunzi mmoja wa uzamili ninayemfahamu alizunguka kwa miezi kadhaa katika vijiji vilivyo kando ya Mto Chania, kuanzia viunga vya Thika hadi upande wa Gatundu, akirekodi masimulizi ya wazee waliowahi kufanya kazi katika mashamba ya kahawa na mananasi. Alitaka kuchunguza Kiswahili walichokitumia vibarua wa makabila mbalimbali walipokutana huko shambani. Alirejea chuoni na saa nyingi za sauti, akaifungua rekodi ya kwanza, yenye urefu wa saa mbili, katika Praat, ile programu ya fonetiki iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Tarakilishi ilimjibu kwamba kumbukumbu haitoshi.

Akafanya ambalo yeyote kati yetu angelifanya. Alikwenda mjini Thika akanunua kipande cha RAM, gigabaiti mbili zikawa nne. Jibu likawa lile lile. Fundi akamshauri kwamba huenda kipande kile kilikuwa kibovu, akauziwa kingine. Fedha hizo alikuwa amezitenga kwa ajili ya karo. Siamini kuwa fundi yule alikusudia kumpunja. Nadhani wote wawili waliamini kwamba tarakilishi inaposema kumbukumbu haitoshi, basi dawa ni kuongeza kumbukumbu.

Makala hii inadai kwamba imani hiyo ina kasoro, kwamba kasoro yenyewe inawagharimu wanafunzi wa lugha kuliko wanavyojua, na kwamba idara zetu za Kiswahili hazina budi kuacha kulichukulia suala hili kuwa la mafundi peke yao.

Tuanze na anwani. Kila baiti iliyomo katika kumbukumbu ya tarakilishi ina nambari yake, na programu haiwezi kuisoma wala kuiandika baiti isiyoweza kuitaja kwa nambari. Nambari hiyo huandikwa kwa idadi maalumu ya biti, na kila biti ni 0 au 1. Biti 16 hutoa anwani 65,536. Biti 32 hutoa anwani 4,294,967,296, ambazo ndizo gigabaiti nne. Ukiongeza vipande vya RAM kupita hapo, umejenga nyumba zisizoweza kupewa nambari.

Msomaji asiyependa hesabu na afikirie nambari za magari. Wakenya waliosafiri katika barabara ya Thika hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 waliona magari yenye herufi tatu, ya kwanza ikiwa K, na tarakimu tatu. Hata tukizitumia herufi zote 26 bila kuruka yoyote, utaratibu huo hauwezi kusajili zaidi ya magari 675,324. Siku nambari zilipoelekea kwisha, nafasi barabarani haikuwa imekwisha, wala magari hayakukoma kuingia nchini. Kilichokwisha ni namna ya kuyataja. Ikaongezwa herufi moja tu mwishoni, na kwa herufi hiyo moja hazina ya nambari ikazidishwa zaidi ya mara ishirini. Hivi ndivyo ilivyo kwa biti: kila inapoongezwa moja, anwani huwa maradufu.

Historia ya tarakilishi ndogo ni historia ya kuugonga ukuta huu mara kwa mara. Prosesa ya Intel 8088 iliyotumiwa na IBM mwaka wa 1981 ilikuwa na anwani za biti 20, yaani megabaiti moja, na katika hiyo programu ziliachiwa kilobaiti 640. Wahasibu waliotumia Lotus 1-2-3, iliyotolewa mwaka wa 1983, waliimaliza nafasi hiyo upesi kiasi kwamba mwaka wa 1985 makampuni ya Lotus, Intel na Microsoft yalikubaliana juu ya hila ya kuichungulia kumbukumbu ya ziada kupitia dirisha la kilobaiti 64, kipande baada ya kipande. Hila ilisaidia, lakini ilikuwa sawa na kusoma kamusi kupitia tundu la ufunguo. Biti 32 zikafuata, zikaonekana hazitaisha. Zikaisha. Photoshop ilipata toleo la biti 64 kwa watumiaji wa Windows mwaka wa 2008, na wale wa Macintosh wakangoja hadi 2010. Wenzetu wanaochora ramani walitumia ArcMap ya biti 32 kwa miaka mingi kabla ya ArcGIS Pro, ya biti 64, kutoka mwaka wa 2015.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Tarakilishi yake ilikuwa na Windows ya biti 32. Mfumo huo, kwa kawaida, huzigawa zile gigabaiti nne za anwani katika nusu mbili: nusu moja ni ya mfumo wenyewe, nusu ya pili ni ya programu. Kwa hiyo Praat ilikuwa na anwani za gigabaiti mbili tu, na ingekuwa na hizo mbili tu hata kama angenunua RAM yote iliyokuwamo dukani. Faili lake la sauti lilikuwa la gigabaiti 1.2 hivi, na hapo ndipo alipodanganyika, maana moja na nusu ni ndogo kuliko mbili, seuze moja na robo. Hakujua kwamba Praat inapoifungua sauti hukigeuza kila kipimo cha biti 16 kuwa nambari ya biti 64 ili hesabu za fonetiki ziwe sahihi. Faili huvimba mara nne. Rekodi ya stereo yenye vipimo 44,100 kwa sekunde huhitaji hivyo baiti 705,600 kwa kila sekunde. Gigabaiti mbili hujaa kabla ya dakika 51 kwisha. Rekodi ya saa mbili ilihitaji takriban gigabaiti 4.7.

Dawa ilikuwamo ndani ya Praat yenyewe, bila malipo: kuna amri ya kufungua faili refu la sauti bila kulimeza lote, kisha mtafiti akakata kipande anachokihitaji. Aliielekezwa na mwanafunzi wa uhandisi waliyekutana Juja. Katika kozi zetu za mbinu za utafiti, ambamo tunafundishwa sampuli, hojaji na maadili ya uwandani, suala hili halikuguswa hata kwa sentensi moja.

Kuna watakaosema kwamba nimechukua mfano wa fonetiki, na kwamba mwanafunzi wa fasihi au sarufi hana haja na mambo haya. Sikubaliani nao. Nathubutu kusema kwamba Kiswahili huufikia ukuta huu mapema kuliko lugha nyingi zinazotawala soko la programu, na sababu ni ya kimofolojia. Kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kupika kina maumbo manne. Chukua shina letu -pika. Viambishi vya kiima, kwa nafsi na ngeli, ni kama 14 vikihesabiwa kwa maumbo. Viambishi vya njeo tuchukue vinne tu, li, na, ta na me. Nafasi ya yambwa, ikiwa ni pamoja na kuiacha wazi, ina uwezekano kama 14. Tayari ni maumbo 784. Tia minyambuliko mitano unayakaribia 4,000, na bado hatujagusa ukanushi, urejeshi wala hali ya masharti. Ni kweli kwamba mengi ya maumbo hayo hayatasemwa na mtu yeyote. Hata hivyo, programu ya kusahihisha tahajia inayotegemea orodha haina namna ya kujua yapi yaachwe.

Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kazi yake ya SALAMA, mfumo wa kuchanganua Kiswahili kwa tarakilishi, mwaka wa 1985, wakati ambapo kilobaiti 640 ndizo zilizokuwa riziki ya kawaida ya tarakilishi ya mezani. Orodha ya maumbo isingewezekana. Njia aliyoifuata ni ya kanuni: mofimu zihifadhiwe mara moja, na sheria za kuziunganisha ziandikwe wazi. Naona hapo mipaka ilikwenda sambamba na isimu nzuri, na msomaji anaweza kunigeuzia hoja hii akasema kwamba basi ufinyu una faida. Unayo, kwa yule anayejua ulipo.

Lakini kanuni hazikuondolei haja ya matini. Korpasi ya Kiswahili ya Helsinki ilikuwa na maneno milioni 12.5 katika toleo la kwanza, na takriban milioni 25 katika toleo la pili la mwaka wa 2016. Matini tupu ya maneno milioni 25, kwa kukadiria herufi sita na nafasi moja kwa kila neno, ni megabaiti 175: jambo dogo. Sasa kila neno lipe shina lake, ngeli yake, njeo yake na tafsiri yake, tuseme baiti 80 kwa neno. Tumefika kwenye baiti bilioni mbili, palepale programu ya biti 32 inapokwama. Tofauti ya kusoma matini na kuichanganua, kwa mashine, ni tofauti ya kupita na kutopita.

Kukataliwa na mashine, hata hivyo, ni afadhali. Linalonitisha zaidi ni mashine kukubali huku ikipunguza. Faili la Excel la muundo wa zamani huzihesabu safu mlalo kwa biti 16, hivyo mwisho wake ni safu ya 65,536. Mwaka wa 2020 nchini Uingereza, visa 15,841 vya korona vilikosa kuingia katika takwimu kwa wakati kwa sababu matokeo yalipitishwa katika mafaili ya muundo huo, na kilichozidi mpaka kikaachwa nje. Kama idara ya afya ya taifa tajiri ilipatwa na hilo, je, mwanafunzi anayehifadhi orodha ya maumbo ya maneno kutoka katika magazeti ya Kiswahili, akitumia programu aliyonakiliwa na rafiki kwenye diski ya mfukoni, atajuaje kwamba orodha yake imekatwa kichwa au mkia? Ataandika sura ya nne ya tasnifu yake kwa data pungufu, na sisi tutamtunuku shahada.

Nitaambiwa kwamba haya ni ya kale. Tarakilishi mpya zote ni za biti 64, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Ni kweli, na anwani za biti 64 hazitatuishia karibuni. Lakini tarakilishi ya biti 64 huendesha programu ya biti 32 bila kulalamika, na programu hiyo huingia na mipaka yake yote. Nyumba kubwa haimrefushi mgeni mfupi. Isitoshe, maabara nyingi za shule na vyuo vyetu zilijengwa kwa tarakilishi za msaada na za mitumba, na programu zake hurithishwa kutoka mashine hadi mashine kama vyombo vya ukoo. Hata diski ya mfukoni ina ukuta huu: ikiwa imepangwa kwa FAT32, haitapokea faili la gigabaiti nne au zaidi, japo ina nafasi ya gigabaiti 16 tupu, kwa kuwa ukubwa wa faili huandikwa humo kwa biti 32. Waliowahi kurekodi video ya mchezo wa kuigiza wa chama chetu na kushindwa kuinakili wanajua ninachokisema.

Ninachokiomba hakihitaji bajeti kubwa. Idara inaponunua tarakilishi au programu, swali la biti liulizwe kabla ya swali la bei. Kozi ya mbinu za utafiti itenge saa mbili kueleza faili linavyovimba likifunguliwa, na jinsi ya kuhesabu safu za data kabla na baada ya kuihifadhi.

La mwisho ni letu kabisa, maana ni la istilahi. Tumeliachia neno kumbukumbu libebe mizigo mingi mno: RAM ni kumbukumbu, diski ni kumbukumbu, kadi ya simu ni kumbukumbu, na mihtasari ya mikutano ya chama hiki ni kumbukumbu. Mwanafunzi aliyeambiwa kumbukumbu haitoshi hakuweza kujua ni ipi, na ujumbe huo ungekuwa wa kweli zaidi lau ungesema kwamba anwani zimekwisha. Napendekeza kumbukumbu libaki kwa RAM, hifadhi liwe la diski na kadi, na upeo wa anwani liwe jina la ule mpaka usioongezeka kwa kununua chochote. Wenye maneno bora kuliko haya wayalete katika toleo lijalo, na wahadhiri wetu wa leksikografia wasikae kando.