Donge la Damu Ndilo la Kuogopwa

Kuanzia Thika hadi Ruiru, mgonjwa akiambiwa atadungwa dawa yenye mionzi ili mapafu yake yapigwe picha, maneno huanza kabla hajafika nyumbani. Mengi si kweli, tena humchelewesha mtu ambaye donge lililong'oka mguuni huenda limeshaziba mshipa wa pafu. Donge kubwa huweza kuua kwa muda mfupi.

"Mionzi itakaa mwilini milele." Haikai. Nguvu ya teknetiamu-99m, elementi inayoipa dawa hiyo mionzi, hupungua kwa nusu kila saa sita. Kesho yake wakati huohuo imebaki sehemu moja kati ya kumi na sita. Kipimo humpa mtu takriban milisiveti 2. Ardhi, anga na chakula hutupa kama 2.4 kwa mwaka, wastani wa dunia. Anayenyonyesha hushauriwa kukamua na kumwaga maziwa ya saa 12 za kwanza.

"Chembe zitaziba mapafu." Hili lina punje ya ukweli, ndiyo maana linashika. Chembe za albumini, protini ya damu, zinazobeba mionzi hiyo hukwama kweli kwenye vijishipa vya pafu, na bila kukwama hakuna picha. Ila huziba pungufu ya kimoja kati ya elfu, kisha humeng'enywa ndani ya saa chache; mwenye shinikizo kubwa la damu mapafuni hupunguziwa idadi ya chembe hizo. Mgonjwa huvutishwa pia hewa yenye mionzi. Mahali hewa imeingia lakini damu haikufika, daktari hushuku donge.

"Siku hizi kuna CT." Ipo, na ndiyo hutangulia, kwa haki: ni ya haraka na huonyesha donge lenyewe. Lakini dawa yake ya iodini huhitaji tahadhari kwa mwenye figo dhaifu. Mjamzito naye huweza kupigwa picha ya mtiririko wa damu peke yake, kwa dozi ndogo. Na kwa anayeendelea kuhema kwa shida miezi kadhaa baada ya matibabu ya donge, kipimo hiki cha dawa yenye mionzi ndicho cha kwanza cha kutafuta madonge ya zamani.

"Kipimo hicho mpaka uende India." Si lazima. Hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, Kahawa West, ina kituo cha picha za kinyuklia. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta pia ina kitengo chake. Daktari wa Thika aulize kwanza kama dawa ipo siku hiyo, kwa kuwa haiwekeki stoo. Ikichelewa, na dalili za donge ni nzito, anaweza kuanzisha dawa ya kuzuia damu kuganda kabla ya picha, mradi mgonjwa hayuko katika hatari kubwa ya kuvuja damu.