Kipya Kinyemi, Lakini Safarini Hakitoshi

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Wahenga waliisema methali hii kuonya, lakini kwenye maduka ya kompyuta ya Kariakoo watu wanaifuata kana kwamba ni ushauri. Mfanyakazi anayekwenda na kurudi Morogoro kwa treni, au mfanyabiashara anayevuka mara kwa mara kwa boti kwenda Unguja, akiwa na laki sita zake mfukoni ataambiwa na ndugu na marafiki: achana na mtumba, chukua mpakato mpya, hata uwe mdogo. Atatoka dukani na boksi ambalo nailoni yake haijachanwa, moyo umetulia. Ushauri huo ni mbaya, na unawaumiza zaidi wale ambao wakikosea hawana pesa ya kununua tena.

Tutazame kilichomo ndani ya boksi. Kwa bei hiyo, mpakato mpya mara nyingi huja na prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ndogo iliyochomelewa kwenye bodi. Microsoft wenyewe wametaja RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 kuwa kiwango cha chini kabisa cha kuendesha Windows 11. Kwa hiyo mashine inatoka dukani ikiwa haina akiba yoyote ya nguvu. Fungua kurasa kadhaa za intaneti, WhatsApp na jedwali la mauzo ya mwezi kwa pamoja, itaanza kukwama. Mpelekee fundi aongeze RAM: mara nyingi atafungua, atachungulia, atafunga na kukurudishia, kwa sababu hakuna pa kuongezea.

Ofisini mtu anaweza kuvumilia, akaenda kunywa maji mashine ikijivuta. Safarini havumiliki. Dar hadi Morogoro kwa treni ya SGR ni kama saa mbili, na boti ya Unguja ni karibu hivyohivyo. Saa hizo ndizo mtaji wa msafiri. Ukitoa muda wa kutafuta kiti, kutafuta mtandao na kusubiri kompyuta iwake, kinachobaki ni kidogo mno kumpa kifaa kinachosuasua.

Sasa chukua kompyuta ya mtumba kama ThinkPad T480, iliyotoka mwaka 2018. Ilitengenezewa makampuni, na makampuni mengi ya nje hubadilisha kompyuta za wafanyakazi kila baada ya miaka michache hata kama bado ni nzima. Nyingi kati ya hizo ndizo zinazotufikia kama mtumba. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomeka nyuma. Ya nyuma ikiisha, unaichomoa na kuweka nyingine bila kuzima, ile ya ndani ikiendelea kuibeba kazi. Igeuze uangalie chini: utaona vitundu vidogo. Hivyo ni njia ya maji yanapomwagika kwenye kibodi, maana chai ya jirani haina breki. Fungua mfuniko, utakuta nafasi mbili za RAM, na diski ambayo fundi yeyote wa mtaani anaweza kuibadilisha. Chaji inaingia kwa USB-C. EliteBook 840 G5 na Latitude 7490 nazo ni za ukoo huohuo wa kazi, ingawa betri zake zimo ndani.

Wanaotetea mpya wana hoja, na zinastahili majibu. Wanasema betri ya mtumba imechoka. Basi ipime kabla ya kulipa. Kwenye dirisha la amri andika powercfg /batteryreport, na ripoti itakuonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Ikiwa imebaki nusu, muuzaji apunguze bei kwa kiasi kinachotosha kununua betri nyingine. Wanasema Windows 10 ilikoma kupata huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025. Kweli, ndiyo maana uchague Core ya kizazi cha 8 kwenda juu, ambacho Windows 11 inakikubali: kwenye i5-8250U, ile 8 ya mwanzo ndiyo kizazi. Wanasema huenda ni ya wizi. Dai risiti, kisha ingia kwenye BIOS. Ukikuta nenosiri ambalo muuzaji halijui, iache hapohapo mezani.

Hoja ya waranti ndiyo inayosikika kuwa nzito kuliko zote, lakini haimsaidii msafiri. Waranti hutengeneza kilichoharibika, na kompyuta dhaifu haijaharibika. Imeundwa hivyo. Utaipeleka kwa wakala, watakujibu kuwa ni nzima, nawe utarudi nayo ikiwa na uzito uleule.

Tunaowashauri wenzetu tuna wajibu hapa. Mzazi anapomnunulia kijana anayeanza chuo, au mkuu wa ofisi anapowanunulia maofisa wa kuzunguka mikoani, wasiulize kwanza kama boksi limefunguliwa. Waulize RAM ni ngapi na kama inaongezeka, betri inadumu muda gani, kibodi inastahimili nini, na kama fundi wa karibu anaweza kuitengeneza. Mashine inayojibu vizuri maswali hayo ndiyo ya kununua, hata kama imeshatumiwa na mtu mwingine kwa miaka.