Kidonda kimeshonwa, lakini mwanamke hajapona



Mwanamke wa hapa Elburgon akipigwa na mumewe na akathubutu kushtaki, hupitia dawati la jinsia la polisi, hospitali na fomu ya P3. Daktari anajaza jeraha liko wapi, lina muda gani na limetokana na kifaa cha aina gani. Nyuzi zinatolewa, na kwa wengi matibabu huishia hapo. Usingizi uliopotea, moyo unaodunda kila lango linapofunguliwa, kushindwa kuamua hata atapika nini, hayo hana wa kumweleza. Ilhali sheria ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani inahesabu mateso ya kisaikolojia kuwa dhuluma kamili. Wala si wachache: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofika miaka 15.

Tutaambiwa wataalamu wa saikolojia ni haba na wako mijini. Ni kweli, na ndiyo maana siombi kila zahanati iletewe mwanasaikolojia. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa viungani mwa Nairobi kwa wanawake 421 waliokuwa na dhiki ya moyo na historia ya ukatili wa kijinsia. Wahudumu wa afya ya jamii, wasio na shahada yoyote ya saikolojia, walifunzwa mbinu za Shirika la Afya Duniani: kutuliza mwili kwa kupumua polepole, kulikabili tatizo moja moja, kurudia shughuli zilizoachwa, kutafuta watu wa kuegemea. Vikao vilikuwa vitano tu. Miezi mitatu baadaye wanawake waliopata vikao hivyo walikuwa na nafuu kuliko wenzao waliotumwa kwa wauguzi wa vituo vya afya. Wahudumu kama hao tunao Elburgon, Turi na Mariashoni, na wanaingia majumbani mwetu kila mara kupima presha.

Wapo watakaohofia umbeya, kwa kuwa mhudumu ni jirani. Hofu hiyo ina msingi, kwa hiyo mwanamke aruhusiwe kuchagua mhudumu wa kijiji kingine na kikao kifanyike katika kituo cha afya, chini ya msimamizi aliyesomea ushauri nasaha. Wengine watasema kanisa na wazee wanatosha. Maombi yanafariji, sikatai, lakini kikao cha wazee mara nyingi huitwa kuokoa ndoa, na mke hushauriwa avumilie. Tena ushauri nasaha hauchukui nafasi ya polisi. Unampa mwanamke nguvu ya kufuata kesi yake hadi mwisho na ya kurudi kwenye shamba au biashara yake.

Nawasihi wawakilishi wadi wetu watenge pesa za mafunzo na usimamizi huo katika bajeti ijayo ya kaunti. Kwa sasa, dada unayesoma haya ukiwa katika hali hiyo, piga 1195. Simu ni ya bure, usiku na mchana.

Mkazi wa Elburgon