Peponi ya Shela na nyumba zetu tunazouza

Hoteli ya Peponi, pale ufuoni Shela, ilifunguliwa mwaka 1967 na familia ya Korschen yenye asili ya Denmark. Ilianza na vyumba vichache tu na hadi leo iko mikononi mwa familia ileile. Baa yake siitetei, hilo si la leo.

Linalonishughulisha ni vipi imedumu. Mwaka 2011 watu walitekwa nyara Kiwayu na Manda, na serikali za Ulaya zikawaonya raia wao wasije Lamu. Mwaka 2014 yakaja mashambulizi ya Mpeketoni na marufuku ya kutoka usiku. Kisha korona mwaka 2020. Kwa mtazamo wangu, kampuni ya mbali ikiona misimu miwili mibaya hufunga mlango na kupeleka pesa kwingine. Familia iliyolelea watoto wake hapo husubiri.

Sisi wenyeji je? Nyanya yangu aliacha nyumba ya mawe Shela, umbali wa kutembea kidogo kutoka hapo. Warithi tulikuwa kumi na mmoja. Tuliiuza. Fungu langu lilinilipia karo ya diploma, kwa hiyo siwezi kumlaumu mtu. Leo nyumba ile hulaza wageni kwa malipo ya usiku mmoja yanayonitoa jasho kuyataja, na binamu yangu ndiye mlinzi wake.

Wengi husingizia mirathi ya Kiislamu. Si kweli. Sheria inagawa mafungu, haituamrishi kuuza. Warithi wanaweza kubaki na nyumba nzima na kugawana kodi, kila mtu kwa fungu lake. Mwenye mali naye anaweza, akiwa hai, kuifanya wakfu wa kizazi chake, na hapo haiuzwi wala hairithiwi. Kinachotushinda ni daftari: nani ashike pesa, nani atengeneze paa, na nani amwamini nani mwaka ambao wageni hawakuja. Aliye na shida ya leo hawezi kula kodi ya mwakani.

Kwetu imebaki nyumba moja, ya mamangu. Tuko ndugu watano. Wawili Mombasa, mmoja Doha. Mama yu hai, alhamdulillahi, na dalali ameshanipigia simu mara mbili. Nimewaita ndugu zangu tukae Idi hii, mama akiwepo.