Mbwa mwitu akirudishwa, nani analinda mbuzi?

Ndugu zangu wafugaji, juzi mnadani niliulizwa kama ni kweli Serikali huwa inahamisha wanyama wakali na kuwafungulia kwingine. Ni kweli. Mbwa mwitu walitoweka ndani ya Hifadhi ya Serengeti mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakabaki Loliondo, ambako wafugaji walilalamika kuliwa mbuzi na kondoo. Mwaka 2012 walianza kukamatwa huko na kuhamishiwa magharibi mwa hifadhi. Kundi la kwanza lilifunguliwa na Rais Kikwete mwenyewe.

Loliondo walipata nafuu, lakini mbwa mwitu hutembea mbali sana na mpaka wa hifadhi haujui. Ndiyo maana mfugaji anayepinga mnyama wa aina hii kuletwa jirani na zizi lake simuiti adui wa uhifadhi. Anauliza gharama ataibeba nani. Kwa maoni yangu, anayetaka kufungua kizimba aanze kwanza kwa kugharamia maboma ya wanaoishi jirani.

Sasa tuje kwetu. Hapa Kibiti hakuna aliyetuletea. Selous, ambayo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa Nyerere, ni moja ya ngome kubwa za mbwa mwitu Afrika nzima. Walioingia ni ng'ombe, hasa baada ya wafugaji kuondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007. Kwa hiyo hoja ya "warudisheni walikotoka" kwetu haina miguu. Wenyeji waulizwe: kati ya 2002 na 2004 simba mmoja wa Rufiji aliua watu zaidi ya 30 kabla ya kuuawa. Watafiti walikuja kueleza kwamba simba huwafuata nguruwe pori mashambani, na huko huwakuta watu waliolala kwenye madungu wakilinda mazao. Mkulima na mfugaji wanagombana kila msimu, lakini kwa hili wako upande mmoja.

Kosa ninaloliona ni kuwatendea wanyama wote kama mmoja. Fisi, chui na simba huja zaidi usiku, na kwao dawa ni boma. Miiba peke yake fisi huipenya. Nguzo za glirisidia huchipua zikichomekwa wakati wa mvua, ukifunga wavu wa chuma juu yake una ukuta usiooza. Huko Simanjiro wafugaji wana kuta hai za namna hii, kwa miti ya kwao. Chui hupanda, kwa hiyo mbuzi wadogo wanahitaji kibanda chenye paa.

Mbwa mwitu huwinda zaidi alfajiri na jioni, kukiwa na mwanga. Hapo mifugo iko malishoni, boma halisaidii kitu. Kinachosaidia ni mtu mzima mwenye mbwa. Mtoto wa miaka tisa nyuma ya mbuzi arobaini si mchungaji, na tena alipaswa kuwa shuleni.

Sumu kwenye mzoga naikataa kabisa. Inaua tai, inaua mbwa wako, na mabaki yanaweza kumfikia mtu. Fisi mwenyewe wiki ijayo atakuja mwingine.

Kuhusu kifuta machozi, sheria haikiiti fidia, na jina linajieleza. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni 1 kwa mtu aliyeuawa. Kwa ng'ombe ni sehemu ndogo ya bei ya mnadani. Hapo ndipo wafugaji tupige kelele, kwa diwani na kwa mbunge.

Hata hivyo, dai hicho kilichopo. Usiburute mzoga. Piga picha za majeraha na nyayo, mwite mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo, naye amwite afisa wanyamapori wa wilaya. Nyayo zikishakanyagwa na ng'ombe, hakuna atakayeweza kuthibitisha kilichokula mbuzi wako.