Mashini ya Nauli Ifundishwe Huruma



Siku hizi watu wanabishana sana juu ya mashini za kompyuta zinazoingia katika bisi. Wengine wanasema: «Ni maendeleo, asiyeyajua akae nyumbani.» Wengine wanasema: «Ni mtego tu, heri mambo ya zamani.» Mimi nasema wote wawili wamekosa.

Mambo ya zamani tunayajua sana. Hapa kwetu Bukavu mvua ikinyesha, nauli inapanda. Ukimpa konvwayeri noti kubwa, anasema hana feza ya kukurudishia. Mama mwenye mzigo anagombezwa mbele ya watu wote. Je, hayo ndiyo tunayoyalilia?

Mwaka 2018 nilivuka mpaka wa Ruzizi, nikasafiri mpaka Kigali. Huko bisi za mji zilianza kutumia kadi tangu mwisho wa mwaka 2015. Abiria anatia feza katika kadi kwa wakala. Akiingia ndani ya bisi anagusisha kadi kwenye mashini, na kompyuta inakata nauli. Kwa kweli nilifurahi. Tajiri na maskini wanakatwa sawasawa, wala hakuna ugomvi wa chenji.

Lakini jioni ile ile, kwenye kituo kikubwa cha Nyabugogo, furaha yangu ilipungua. Mama mmoja mzee, tuliyevuka naye mpaka, alipanda bisi akiwa na nauli kamili mkononi. Kadi hakuwa nayo, na wauza kadi walikuwa wamekwisha kwenda zao. Dereva akamwambia: «Mama, feza hizi siwezi kuzipokea. Shuka.» Mama akasimama, amefungua kiganja, haelewi amekosa nini. Kijana mmoja akainuka, akagusisha kadi yake kwa ajili yake, mama akapata kiti.

Tumshukuru kijana yule. Lakini asingalikuwapo? Sheria inayongoja bahati ya mtu mwema kupita si sheria nzuri.

Mtu atanijibu: «Mwalimu, mashini ni chuma, haiwezi kuwa na huruma.» Sikubali. Mashini inafanya yale iliyoagizwa na watu. Tazameni mji wa London. Bisi za huko ziliacha kupokea feza za mkononi tarehe 6 Julai 2014. Lakini wakubwa wa kazi hiyo waliweka kanuni: kadi ya mji ikibakiwa na feza zisizotosha nauli, mwenyewe atabebwa safari moja tena, na deni litakatwa atakapoongeza feza. Yaani kompyuta ilifundishwa kukopesha! Basi asiniambie mtu kwamba haiwezekani. Inawezekana, wenye kuiagiza hawajataka tu.

Tena mashini isiyopatana na watu haidumu. Nchini Kenya, mwaka 2014, serikali iliagiza matatu ziache kupokea feza za mkononi. Zikatoka kadi za namna nyingi, na wenye magari wengi hawakuzipenda. Agizo lile likashindwa, abiria wakaendelea kulipa kwa mkono.

Kwa hiyo, siku mashini hizi zitakapofika kwetu, tusizipige mawe, wala tusizipigie makofi tu. Tudai mambo matatu. Kwanza, asiye na kadi apate njia ya kulipa, hata usiku. Pili, kadi ikiishiwa au mtandao ukikatika, abiria asiachwe njiani. Deni liandikwe, alipe kesho. Tatu, tuambiwe nani anasoma habari zetu. Maana kompyuta haikati nauli tu. Inaweza kuandika pia kadi hii ilipanda wapi na saa ngapi. Konvwayeri alitusahau mara tuliposhuka, lakini kompyuta haisahau.

Nanyi vijana mnaojua kompyuta, msiwacheke wazee wetu. Mama yule hakuwa mwizi wala mjinga. Alikuja na feza yake halali, akaambiwa si feza. Nani kati yetu angependa mama yake aambiwe hivyo mbele ya watu?

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mashini ni mgeni. Aje, tumkaribishe. Lakini akija kumtoa mama mzee kitini, tumwambie kwanza ajifunze desturi za nyumba hii.